Tochi ya Mwale Mpana na Mwembamba katika Mashamba ya Samail

Samail ni wilaya ya mkoa wa Dakhiliya nchini Omani, iliyokaa katika bonde linaloikata milima ya Hajar vipande viwili, Hajar ya Magharibi na Hajar ya Mashariki, na kwa karne nyingi bonde hilo lilikuwa njia kuu ya misafara baina ya pwani ya Maskati na miji ya bara kama Izki na Nizwa. Pande zote mbili za wadi, yaani mkondo wa mto unaojaa mvua inyeshapo na kukauka inapokatika, imepandwa mitende, na tende ya fardh ya Samail inajulikana Omani nzima. Mashamba hayo hayalali usiku kama mtu anavyoweza kudhani akiyapita kwa gari katika barabara kuu, kwa kuwa maji yanayoyanywesha huja kwa zamu, na zamu haichagui mchana wala usiku. Ni kazi hiyo ya usiku inayoipa tochi ndogo nafasi yake katika mfuko wa kanzu, na ndiyo inayopaswa kuamua tochi ya namna gani inunuliwe.

Tochi inayozungumziwa hapa ni ile ya bei nafuu, inayoingia katika kiganja, yenye kichwa kinachosogea mbele na nyuma ili mwale wake upanuke au ukusanyike, ambayo wauzaji wengi huiita tochi ya zumu. Watu wengi huinunua kwa kutazama umbali unaofikiwa na mwale ulipobanwa, na boksi lake huchapishwa kwa kulifuata pendo hilo, kwa tarakimu kubwa za mita na picha ya mwale unaopasua giza hadi mlimani. Hoja ya sura hii ni kinyume chake: mtu wa Samail, na kila mtu ambaye kazi yake ya usiku iko miguuni pake, aipime tochi kwanza kwa mwanga wake mpana na hafifu, kisha ndipo aangalie inafika wapi ikibanwa.

Maji, zamu na mikono miwili

Falaji ni mfumo wa kuyatoa maji chini ya ardhi, au katika chemchemi, au katika wadi yenyewe, na kuyapeleka mashambani kwa mteremko tu, bila pampu. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji tano za Omani katika orodha ya Urithi wa Dunia: Daris na Khatmain za upande wa Nizwa, Malki ya Izki, Muyassar ya Rustaq na Jaila ya upande wa Sur. Samail haina falaji katika tano hizo, lakini ina zake zinazoendelea kunywesha mashamba, Samdi ikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Haki ya maji hugawanywa kwa muda. Kipimo kinachoitwa athari ni kiasi cha nusu saa, na athari nyingi zikikusanywa hufanya badda, ambayo ni fungu la nusu siku au zaidi kulingana na desturi ya kijiji. Zamani mchana ulipimwa kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa uwanjani na usiku ulipimwa kwa kuchomoza na kuzama kwa nyota maalumu, na wazee wa vijiji waliijua mbingu kwa sababu bila kuijua shamba lingekauka. Leo saa ya mkononi na simu zimechukua nafasi ya nyota karibu kila mahali, lakini zamu yenyewe haikubadilika, na mwenye fungu la saa nane za usiku huamka saa nane za usiku.

Kazi anayoifanya akifika shambani ni fupi, lakini ni ya mikono miwili. Mfereji wa shamba huzibwa kwa jiwe bapa lililoviringishwa matambara ili maji yasipenye pembeni. Jiwe huinuliwa mahali pamoja na kushindiliwa mahali pengine, matambara husukumwa katika nyufa kwa vidole, na tope huongezwa pale maji yanapoendelea kuchuruzika. Wakati huo tochi huwa kwapani, au mdomoni, au imelazwa juu ya ukingo wa saruji ikielekezwa majini. Mwale mwembamba hapo ni taabu tupu, kwa sababu hutoa doa moja kali linalorudi machoni kutoka katika maji, na kila kitu kilicho nje ya doa hilo hubaki cheusi kuliko kilivyokuwa kabla tochi haijawashwa. Kinachotakiwa ni duara pana, laini, lenye mwanga wa kiasi, linaloonyesha jiwe, mikono na kingo zote mbili kwa pamoja. Baada ya hapo mkulima husimama na kutazama juu ya mfereji, hatua mia au mia na hamsini, kuona kama mlango wa jirani umefungika sawasawa au maji yanapotelea huko, na sasa, kwa nusu dakika hivi, mwale mwembamba una kazi.

Mgawanyo huo wa muda ndio unaopaswa kukaa akilini mwa mnunuzi: karibu usiku wote ni mwanga mpana, na mwale wa mbali ni wa kutupa jicho tu.

Kuna sababu nyingine ya kuupendelea mwanga mpana, nayo ni usalama. Katika milima ya Hajar na mabonde yake anaishi nyoka mdogo mwenye sumu kali, ambaye wataalamu walimtambua kuwa spishi ya peke yake mwaka 2004 na kumpa jina la Echis omanensis. Hutembea usiku, hupenda kukaa karibu na maji ya wadi, na rangi yake haitofautiani sana na changarawe alizolala juu yake. Nge nao hutoka usiku. Mtu anayetembea na doa la mwanga lenye upana wa sahani hukanyaga mahali ambapo doa halikupita, ilhali mtu mwenye duara la upana wa mita mbili huiona njia yote pamoja na pembezoni zake. Wanyama hawa hawajifichi mbali. Wako pale unyayo unaposhuka.

Lugha ya boksi

Ili kuelewa kilichoandikwa katika boksi, na kujua kipi cha kuamini, ni lazima kutenganisha vipimo vitatu ambavyo wauzaji huvichanganya. Lumeni ni kipimo cha mwanga wote unaotoka katika tochi, popote uelekeako, kama vile mtu angepima maji yote yanayotoka katika falaji kwa dakika moja bila kujali yameingia shamba la nani. Kandela ni kipimo cha nguvu ya mwanga katika mwelekeo mmoja, na mwanga uleule ukibanwa katika njia nyembamba huwa na kandela nyingi zaidi bila kuongezeka lumeni hata moja. Laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu chenyewe, ukutani au ardhini, na ni sawa na lumeni moja iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba.

Mfano mmoja unatosha kuviweka vitatu hivyo mahali pake. Ichukuliwe tochi inayotoa lumeni 100 ikiwa imepanuliwa, ikimulika chini umbali wa mita 2 na kuchora duara lenye kipenyo cha mita 2. Eneo la duara hilo ni kiasi cha mita za mraba 3.1, hivyo kila sehemu yake hupata laksi 32 hivi, mwanga unaotosha kabisa kumwona nge juu ya changarawe. Sasa kichwa kivutwe mbele mpaka duara liwe na kipenyo cha sentimita 20 tu. Mwanga unaotoka huenda umepungua hadi lumeni 40, kwa sababu itakayoelezwa baadaye, lakini eneo limepungua mara 100, na hivyo doa hilo dogo hupata zaidi ya laksi 1,200. Kwa kipimo cha kandela, tochi hiyohiyo imetoka kandela 130 hivi na kufika kandela 5,000. Hakuna nguvu iliyoongezeka, na kwa kweli zaidi ya nusu ya mwanga imepotea. Kilichobadilika ni mahali unapokwenda.

Umbali unaochapishwa kwa mita una kanuni yake. Mwaka 2009 watengenezaji wa Marekani walikubaliana juu ya utaratibu wa vipimo uitwao FL1, ambao unasema kwamba umbali wa mwale ni pale mwanga unapokuwa umefifia hadi robo ya laksi, yaani takriban mwanga wa mwezi mpevu katika usiku usio na mawingu. Hesabu yake ni nyepesi: kipeuo cha pili cha kandela, mara mbili. Tochi ya mfano wetu, ikibanwa, hufika mita 140 hivi. Ikipanuliwa, hufika mita 23 hivi. Kutokana na kanuni hiyohiyo, anayetaka umbali mara mbili anahitaji kandela mara nne, na tochi inayodai mita 500 inapaswa kuwa na kandela 62,500. Kandela hizo hazipatikani kwa maneno. Ukali wa mwale unategemea mng'ao wa uso wa taa na upana wa lenzi iliyo mbele yake, na lenzi ya upana wa sentimita mbili na nusu juu ya taa ya bei rahisi haiwezi kuufikia ukali huo hata betri ikiwa mpya. Mwenye kuona tarakimu ya namna hiyo juu ya tochi ya riyali mbili aielewe kuwa ni pambo, na aelewe pia kwamba aliyeandika pambo katika mita huenda ameandika pambo katika lumeni na katika betri.

Tena, robo ya laksi ni mwanga wa mbalamwezi tu. Mtu huona kwamba kuna kitu, haoni ni kitu gani. Kwa mkulima anayetaka kutambua kama ni mbuzi aliyeingia shambani au ni mtu, umbali wa kweli ni nusu ya ule ulioandikwa, au chini yake.

Utaratibu wa FL1 unazungumzia pia muda wa kuwaka, nao una jambo la kushangaza kidogo kwa asiyelijua: muda huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi inayoanza na lumeni 200, ikashuka haraka hadi 40 na kujikokota hapo kwa saa sita, inaruhusiwa kuandika saa sita pembeni mwa lumeni 200. Ni kweli kwa kanuni, lakini si kile anachokitarajia mnunuzi.

Kichwa kinachosogea

Tochi ya mwale unaorekebishika si jambo jipya. Hataza ya mwanzo ya tochi ya mkononi ilitolewa Marekani mwaka 1899 kwa ugunduzi wa David Misell, na kampuni iliyoichukua ndiyo iliyokuja kuwa Eveready, jina ambalo Afrika Mashariki limejulikana zaidi kwa betri. Mwaka 1979 Anthony Maglica aliingiza sokoni Maglite, tochi ya alumini ambayo kichwa chake kikizungushwa kile kikombe cha kioo kinachoizunguka balbu husogea, na mwale hupanuka au kukazana. Njia hiyo ina dosari iliyo wazi kwa yeyote aliyeitumia: mwale ukipanuliwa, katikati hubaki shimo la giza, kama pete. Kwa kazi ya mfereji, shimo hilo huangukia mahali hasa pa kutazamwa.

Taa za kisasa zimeleta njia ya pili. Taa ya LED ni kipande kidogo cha madini yaliyotengenezwa ili yatoe mwanga umeme unapopita, na mwanga mweupe wa taa hizo uliwezekana baada ya kupatikana LED ya buluu yenye nguvu, kazi iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa kuwa kipande hicho ni kidogo na bapa na humulika upande mmoja tu, inawezekana kuweka mbele yake lenzi moja nene, iliyotuna upande wa nje na iliyo bapa upande wa ndani, na kuisogeza. Lenzi ikiwa karibu na taa, hupokea karibu mwanga wote na kuutandaza katika duara lililo sawa, lisilo na shimo wala pete. Ikisogezwa mbele hadi mahali pa mkazo wake, hutupa mbali sura ya taa yenyewe, na ndiyo maana doa la tochi hizi likibanwa kabisa huwa la mraba; mraba huo ni picha ya kipande cha LED, na ukionekana wazi na kingo kali ni dalili kwamba lenzi imekaa sawa. Mwanga unaopotea hupotea hapohapo: lenzi inapokuwa mbali, mwanga wa pembeni hauifikii tena, huishia katika kuta nyeusi za ndani ya kichwa na kugeuka joto.

Tochi ndogo iliyoeneza muundo huu duniani ni ile ijulikanayo kwa alama SK68, yenye urefu wa kiasi cha sentimita 9, inayotumia betri moja ya ukubwa wa ile ya saa ya ukutani, na ambayo imeigwa na viwanda vingi kiasi kwamba jina lenyewe limekuwa la umbo kuliko la kampuni. Nakala zake hazilingani. Nyingine zina lenzi ya kioo na uzi laini wa kukazia. Nyingine zina lenzi ya plastiki inayochakaa kwa kufutwa na vumbi. Ubaya wa umbo hilo, hata lilipotengenezwa vizuri, ni kwamba kichwa kinachoteleza hufanya kazi ya mvukuto wa mhunzi: kila kinapovutwa huingiza hewa ndani, na katika bonde la Samail hewa huingia pamoja na vumbi, na kandokando ya falaji huingia pamoja na unyevu. Pete ya mpira iliyo ndani ya shingo ndiyo kinga pekee, na ikiwa kavu au imekatika, lenzi hupata ukungu upande wa ndani ambako kitambaa hakifiki.

Kwa hiyo alama za kinga ya maji zisomwe kwa makini. IPX4 maana yake tochi inastahimili maji ya kurushiwa kutoka kila upande. IPX7 maana yake inastahimili kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Tochi za kuteleza ni nadra kuistahili kwa kweli hiyo ya pili zikiwa za bei ndogo, na mtu ambaye kazi yake inaweza kuiangusha majini ana haki ya kuchagua ya kuzungusha badala ya kuteleza, kwa sababu kichwa cha kuzungusha kwa kawaida hufungika vizuri zaidi. Atapoteza wepesi wa kuurekebisha mwale kwa kidole gumba, na kwa mwenye tope mikononi hasara hiyo si ndogo. Pamoja na hayo, kwa mfereji, sura hii inaiona ya kuzungusha, ikiwa ni ya lenzi, kuwa bora.

Betri katika nchi ya joto

Tochi hufa kwa betri kabla ya kufa kwa kitu kingine. Kwa bei nafuu kuna njia tatu, na hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni betri moja ya AA, ile ya saa ya ukutani. Hupatikana katika kila duka la mtaani kuanzia Samail hadi Sur, na ikichukuliwa ya kuchajiwa ya aina ya nikeli, yenye volti 1.2 na ujazo wa milliampia-saa 2,000 hivi, hubeba nishati ya kutosha kutoa lumeni 100 kwa muda wa karibu saa mbili, au lumeni 20 kwa usiku mzima. Betri za kawaida za kutupwa zina ubaya wa kuvuja zikisahauliwa ndani, na majimaji yake hula shaba za ndani ya tochi. Ya pili ni kasha la betri tatu za AAA, zile za rimoti, ambalo limejaa katika tochi za zumu za bei ya chini kabisa. Kasha hilo ni jambo la kuepukwa: lina shaba sita za kugusana badala ya mbili, moja ikilegea zote huzimika, na mwanga hushuka taratibu tangu dakika za mwanzo.

Ya tatu ni betri ya lithiamu ya kuchajiwa, hasa 18650, ambayo jina lake ni vipimo vyake: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Hiyo ina nguvu mara nne au zaidi ya AA. Lakini soko lake limejaa udanganyifu; betri nzuri za ukubwa huo huwa kati ya milliampia-saa 2,500 na 3,500, na iliyoandikwa 9,900 haina hata nusu ya hizo nzuri mara nyingi, na wepesi wake mkononi huitoa siri hiyo. Pia lithiamu na joto haviendi pamoja. Wakati wa kiangazi joto la Samail hupita nyuzi 40 kivulini, na ndani ya gari lililofungwa juani hupanda mbali zaidi ya hapo, ilhali betri nyingi za aina hii hazipaswi kuwekwa mahali palipozidi nyuzi 60. Tochi ya dashibodini iwe ya AA ya nikeli. Ya lithiamu ikae nyumbani na kutoka na mtu wake.

Kuna betri nyingine ya lithiamu, 14500, yenye umbo lilelile la AA lakini volti 3.7, na baadhi ya tochi za umbo la SK68 huwaka nayo kwa mwanga mkali zaidi. Nyingine huungua. Maelezo ya tochi yasiposema wazi kwamba inakubalika, isijaribiwe.

Haja ya tochi ya kutegemewa si ya Omani peke yake. Wazungumzaji wa Kiswahili wa Dakhiliya na Sharqiya, ambao wengi wao ni watu wa familia zilizorudi kutoka Unguja, Pemba na bara baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 na hasa baada ya mwaka 1970, wana jamaa waliobaki upande wa pili wa bahari, na jamaa hao waliijua thamani ya tochi mwaka 2008, Unguja ilipokaa kiasi cha mwezi mmoja bila umeme, na tena kuanzia Desemba 2009, giza lilipodumu kama miezi mitatu. Kenya, katika miaka hiyohiyo, watafiti wa mradi wa Lumina, Jennifer Tracy, Arne Jacobson na Evan Mills, waliwafuatilia watumiaji wa tochi za LED za bei rahisi kwa miezi sita na kukuta kwamba walio wengi mno walipata hitilafu katika muda huo mfupi. Fundisho lao kuhusu gharama ni la kuzingatiwa hata Samail: tochi ya nusu riyali inayobadilishwa mara nne kwa mwaka imekwisha kuwa ghali kuliko ya riyali mbili inayodumu, na bado haijahesabiwa siku ambayo ilizimika katikati ya wadi.

Rangi, na mwanga usiotakiwa

Mwanga mweupe una rangi, nayo hupimwa kwa kelvini: 6,500 ni mweupe wa kibuluu, 4,000 ni mweupe wenye uvuguvugu. Taa za bei nafuu ni za kibuluu karibu zote, kwa sababu hutoa lumeni nyingi zaidi kwa umeme uleule, lakini chini ya mwanga huo kahawia, mchanga na kijivu hufanana, na hizo ndizo rangi za ardhi ya Hajar na za nyoka wake. Anayepata tochi ya 4,000 au 5,000 kwa bei ileile aichukue bila kusita, hata kama lumeni zake zimepungua.

Viwango vya mwanga navyo vina mpangilio wake. Tochi nyingi za zumu zina vitatu, yaani mkali, nusu na wa kumetameta, na ili kurudi kwenye mwanzo ni lazima kupitia kumetameta. Kwa mtu aliyeinama juu ya maji, mmeto huo hupofusha macho ambayo yameshazoea giza, na macho huhitaji dakika nyingi kuzoea tena. Tochi yenye kiwango kimoja tu, au yenye hafifu na mkali pekee, ni bora kuliko ya vitano. Upande wa Sharqiya jambo hili lina uzito wa namna yake: katika hifadhi ya Ras al-Jinz, wilaya ya Sur, kasa wa kijani hupanda ufukweni usiku kutaga mayai, na mwanga mweupe huwavuruga wao na vifaranga vyao, ambavyo huutafuta mwanga wa bahari ili kujua njia. Huko tochi ya mgeni, hata iwe nzuri namna gani, hubaki mfukoni, na mwongozaji ndiye mwenye taa.

Waarabu wa Ghuba huiita tochi bijli, neno lililovuka bahari kutoka Kihindi ambako maana yake ni umeme na radi, na pengine jina hilo ndilo lililowafundisha watu kuitazama kwa ukali wake. Muuzaji dukani huiwasha kuelekea dari, mchana, chini ya taa nne, mwale ukiwa umebanwa. Hapo tochi mbovu na tochi njema hufanana. Mnunuzi aombe chumba cha nyuma, au aifunike kwa mikono juu ya kaunta, au arudi baada ya magharibi. Akiwa gizani aipanue kwanza na kutazama duara lake umbali wa hatua moja: liwe sawa tangu katikati hadi ukingoni, bila shimo wala doa la buluu. Apitishe vidole haraka mbele ya mwanga hafifu. Vikionekana vimekatika vipandevipande, umeme wa ndani unawashwa na kuzimwa upesi ili kuigiza mwanga mdogo, na macho yatachoka. Akivute kichwa kwa mkono uleule ulioishika, kisha aielekeze chini na kuitikisa, aone kama kichwa kinabaki mahali alipokiacha. Afungue shingo na kuiona pete ya mpira kwa macho yake. Mwisho aubane mwale na kutafuta ule mraba. Tochi ambayo muuzaji wake hakubali iwashwe gizani kabla ya kulipiwa isinunuliwe.